Tosha ya Kwao na Tosha Yetu

Reli ilikuwa inaishia Kasese. Ukitoka ghalani na kufuata mataruma kwa miguu, ulifika mahali ambapo vyuma viwili viligonga kizuizi cha magogo, na nyuma ya kizuizi hicho kulikuwa na majani marefu, mbuzi wa mtu, kisha milima. Kila kitu kilicholetwa na treni kutoka pwani kuja upande wetu kilishuka hapo: saruji, mabati, majora ya vitambaa, mitambo ya mgodi wa shaba. Na kila kilichotoka kwetu kwenda baharini kilipandia hapo, kahawa na pamba na shaba yenyewe. Ndiyo sababu sisi tulioshusha na kupakia tuliliita ghala lile Bandari.

Jina hilo lililetwa na nyapara mkuu, mtu wa Toro aliyebeba mizigo Mombasa karibu ujana wake wote, akarudi na Kiswahili cha pwani na jino bovu alilolituliza kwa kutafuna karafuu. Wengi wetu hatukuwa tumeona bahari. Kulikuwa na kuli mmoja kutoka Kahendero, kijiji cha wavuvi, ambaye alimuuliza siku moja kama baharini kuna viboko. Nyapara mkuu akamjibu kwamba viboko wako, lakini wanavaa suruali na kuitwa mameneja.

Mimi nilifika pale miaka ya sitini, nikitoka shule ya sekondari. Nyumbani Karambi walitarajia nitakuwa karani, nikae mezani. Nafasi ya karani haikupatikana. Nyapara mkuu aliniangalia mikono, akacheka, akanipa filimbi. Nikawa nyapara mdogo wa genge moja: kazi yangu ilikuwa kupiga filimbi na kuita amri wakati mizigo inashuka. Sikubeba kitu. Nilijifunza Kiswahili chake haraka, nikakipenda kama mtu anavyopenda shati jipya, na nikaanza kuwasahihisha wengine hata pale ambapo hawakuniuliza.

Genge letu lilikuwa la watu wa kila mahali. Watu wa Toro, watu wa Kigezi, Waluo waliokuja na reli yenyewe, sisi Wakonzo, na wale waliovuka mpaka kutoka Kongo wakati wa vita vya kule. Amri ilikuwa moja: kazini ni Kiswahili. Ilikuwa amri nzuri. Sikuitumia vizuri.

Kati ya wale waliovuka alikuwepo mtu mmoja wa Butembo. Alikuwa mfupi, shingo nene, Mkatoliki wa kweli. Kabla ya kuinua gunia la kwanza asubuhi alifanya ishara ya msalaba, na kabla ya gunia la mwisho jioni alifanya tena, akisema asubuhi ni kwa ajili ya mgongo, jioni ni kwa ajili ya bibi, yaani mkewe, alale salama huko aliko. Lugha yake ya nyumbani na yangu ni karibu moja. Watu wa Butembo na sisi wa milima hii tunaitana na kusikilizana, ni mpaka tu uliowekwa katikati. Tungeweza kuzungumza mchana kutwa bila kukosana hata neno. Lakini kazini nilimjibu kwa Kiswahili, tena kile cha pwani, hata alipoongea nami peke yetu, kwa sababu nilitaka waone kwamba mimi nimesoma.

Mke wake na watoto wao wawili walikuwa Bwera, karibu na mpaka. Walikuwa wamehifadhiwa na familia moja ya parokia, wakalala jikoni. Si kwamba walinyanyaswa. Lakini jiko la mtu ni jiko la mtu: alfajiri mwenye nyumba anataka kuwasha moto, na wewe unakunja mkeka ukiwa na usingizi machoni, mvua ikinyesha nje.

Kuli wa kudumu wa Bandari alipewa beji ya shaba ya kufunga mkononi. Aliyekuwa na beji hakusimama getini kila asubuhi akisubiri kuteuliwa. Na jambo kubwa zaidi, alipewa chumba katika landhi, zile nyumba ndefu za reli zenye vyumba vilivyobanana. Chumba kilikuwa kidogo sana, lakini kilikuwa na mlango wa mbao na komeo la chuma.

Asubuhi tulikunywa chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha chini ya paa la ghala, na mazungumzo yalikuwa yaleyale: kazi iko wapi. Mmoja alisema Katwe, kwenye chumvi. Mwingine akasema chumvi inakula miguu. Mwingine akasema mgodini, lakini mgodini wanashuka chini ya ardhi, na yeye hakuumbwa fuko. Vijana walimuuliza nyapara mkuu habari za Mombasa.

"Kazi ipo," alisema. "Meli zinakuja, mizigo inakuja. Lakini siku hizi kuna winchi. Winchi moja ikiamka vizuri, inakula riziki ya genge zima, na haiombi chai."

"Mzee, unataka tukae hapahapa tuzeeke?"

"Nataka ujue kwamba mzigo ndio unaohama. Wewe fuata mzigo. Usipende ghala."

Yule wa Butembo alikuwa anaondoa nyuzi za muhogo mdomoni. Akasema, "Mi sitafuti bahari, mukubwa. Minatafuta mulango."

"Mlango gani?"

"Mulango moya tu. Bibi yangu aufunge yeye mwenyewe. Akisha kuufunga, hata winchi ikuye, ikule."

Wakacheka. Nyapara mkuu hakucheka. Alimwambia kwamba mwisho wa mwezi kuna beji moja, na kama mambo yataendelea yalivyo, beji hiyo ina shingo nene. Tangu siku hiyo sote tulijua.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe.

Kwetu, na kwa Waswahili wengi, ukisema "tosha" unamaanisha imefika, acha, usiongeze. Kwa watu wa Kongo, kutosha ni kuondoa, kukitoa kitu mahali kilipo. Ukimwambia mtu wa Butembo "tosha kiti," hataona kwamba viti vimetimia. Atakibeba kiti akipeleke nje. Hili nililijua. Sitaki mtu afikiri sikulijua. Wiki ya kwanza alipofika, tulikuwa tunapanga magunia ya kahawa, na rundo lilipofika kimo nilichotaka nikaita, "Tosha!" Yeye akapanda, akachukua gunia la juu kabisa, akalishusha. Nikaita tena, kwa ukali zaidi. Akashusha la pili. Genge zima likaangua kicheko.

"Wewe, unafanya nini?"

"Si unasema nitoshe? Niko natosha."

"Nimesema tosha! Imetosha!"

"Ee, shefu, kwetu tosha ni kuondosha. Kama unataka tuache, sema tuache."

"Hapa si kwenu," nilimwambia. "Hapa ni Uganda. Utajifunza."

Akafuta jasho, akasema, "Sawa, shefu. Lakini mukono inasikia mbele ya kichwa." Alimaanisha kwamba mtu akiwa katikati ya kazi, mkono unatii neno kabla kichwa hakijalipima. Nilimsikia vizuri sana. Nikapiga filimbi tukaendelea.

Kwa miezi kadhaa neno hilo halikuleta shida. Alikuwa mbeba magunia, na mbeba magunia anafuata mgongo wa aliye mbele yake. Kisha siku moja lilikuja kasha la mtambo wa mgodi, kubwa kama kibanda cha kuku wengi, na mtu wetu wa kabari alikuwa nyumbani na malaria.

Nieleze kazi ilivyokuwa, maana bila hilo halieleweki. Kasha zito hushushwa kutoka jukwaani mpaka chini kwa mbao mbili nene zilizolazwa mteremko. Kamba imefungwa kwenye kasha na kuzungushwa kwenye nguzo juu, na watu wanailegeza kidogo kidogo. Kasha linateremka hatua fupi, linasimama. Hapo mtu wa kabari anasukuma kipande cha mti mbele yake, ili lilale juu ya kabari na watu wa kamba wapumue. Wakiwa tayari, wanakaza kamba, kabari inaondolewa, hatua nyingine. Anayeita ni mmoja tu, na siku hiyo nilikuwa mimi.

Nilimweka yule wa Butembo kwenye kabari, mimi mwenyewe, kwa sababu alikuwa na nguvu na alikuwa karibu.

Katikati ya mteremko kasha lilikuwa limelala juu ya kabari, watu wanapumua. Mmoja wa kamba, sijui ni kwa uchovu au kwa kujikuna, akaanza kulegeza. Nikaona kamba inaning'inia. Nikataka kumwambia aache. Neno lililonijia lilikuwa lile nililolizoea.

"Tosha!" niliita. "Tosha!"

Yule wa Butembo, aliyekuwa ameshika kabari, akaitosha.

Kasha lilishuka kwa mkupuo. Kamba ilipiga nguzo kama bakora, kasha likafika chini likapasuka ubavu, na pembe yake ikaukuta mguu wake kabla hajauvuta wote. Vidole viwili vilivunjika. Hakupiga kelele. Alikaa chini juu ya saruji, akautazama mguu, kisha akanitazama mimi, akasema polepole kwa lugha ya nyumbani kwamba alikuwa amefanya nilichosema.

Nyapara mkuu alikuja mbio, karafuu shavuni. "Nani ametoa kabari?"

"Mimi, mukubwa."

"Nani amekwambia?"

Akanionyesha kwa kidevu. Nyapara mkuu akanigeukia. Nikasema, "Mimi nilisema tosha." Ilikuwa kweli tupu, na niliisema nikijua jinsi itakavyosikika masikioni mwa mtu aliyekaa Mombasa.

"Umemwambia tosha, yeye ametoa kabari?" Akashika kichwa. "Mtu asiyejua tosha atatuua wote hapa! Mpelekeni hospitali. Akipona arudi Bwera kwanza. Mambo ya beji, tutaona."

Ningeweza kusema hapohapo kwamba niliwahi kuambiwa. Ingechukua pumzi moja. Nilisimama na filimbi shingoni, nikaangalia mbao zilizovunjika kana kwamba nazipima.

Hospitali walipomfunga mguu, walimpandisha lori la kahawa lililokuwa linarudi Bwera tupu. Aliacha ngata yake, ile ya gunia lililoshonwa na kujazwa nyuzi za mgomba, aliyokuwa anaiweka kichwani chini ya mzigo. Ilibaki imening'inia kwenye msumari ghalani. Kila asubuhi niliiona. Jumapili iliyofuata niliichukua, nikajiambia naenda kumrudishia mtu kifaa chake cha kazi, nikapanda lori kwenda Bwera.

Nilimkuta nyuma ya nyumba ya wenyeji wake, mguu umefungwa bendeji na kuwekwa juu ya kinu kilichopinduliwa. Mke wake alikuwa anasonga ugali wa muhogo. Aliponiona na ngata mkononi hakuacha kusonga.

"Huyu ndiye shefu wa filimbi?" akamuuliza mumewe.

"Ni yeye."

"Karibu, shemeji. Umekuja kututosha na hapa?"

Mumewe akatazama pembeni, mabega yakitikisika. Nikaketi kwenye kigogo. Nikaanza kusema pole, pole kwa mguu, pole kwa safari, pole kwa hili na lile, kwa Kiswahili changu kile kizuri, na kila pole ilisikika kama mtu anayesoma tangazo. Mama yule alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mi sina kitu na mguu," akasema. "Mguu utapona, ni ya mwanaume, iko ngumu kama kichwa yake. Mi niko na kitu na hii jiko ya watu. Nilikuwa nimeisha kuhesabu siku ya kuhama. Nimeambia batoto. Sasa batoto banauliza mulango iko wapi, nibajibu nini? Nibaambie mulango imepasuka na kasha?"

Akaandaa chakula. Ugali, sombe ya majani ya muhogo, na kipande cha samaki wa chumvi. Nilikula kwa aibu na kwa njaa, na njaa ilishinda. Nilipokuwa bado sijamaliza, akaja na mwiko kuniongezea. Nikainua mkono kwa adabu, nikasema, "Tosha, mama, tosha."

Akachukua sahani.

Aliichukua yote, na samaki wangu akiwa bado hajaguswa upande mmoja, akaipeleka ndani. Nilibaki na mkono hewani na tonge kwenye vidole. Kisha yule wa Butembo akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mguu wake uliofungwa kwa maumivu, na bado akaendelea kucheka. Mke wake akatoka, akatuangalia, akaelewa, akafunika mdomo kwa kitenge.

"Lakini yeye alisema nitoshe!"

"Ndiyo, alisema," mumewe akasema akipangusa machozi. "Umesikia vizuri. Mukono yako imesikia mbele ya kichwa. Shefu, sasa nawe umeanguka kama lile kasha."

Mke wake akarudisha sahani. Nikala samaki. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, nilizungumza na yule wa Butembo kwa lugha yetu ya nyumbani. Nilimwambia kwamba wiki ya kwanza aliniambia maana ya neno lile, kwamba nilimsikia, na kwamba mbele ya nyapara mkuu nilikaa kimya. Hakuonekana kushangaa. Aliniambia pole zangu zote niziweke mfukoni, kwa sababu pole si mlango ambao mke wake angeweza kuufunga. Nikaseme maneno hayohayo Kasese, mbele ya watu, wakati wa chai.

Nilisema Jumatatu. Sikulala vizuri kabla yake, lakini nilisema, nimesimama, kikombe mkononi. Nyapara mkuu aliacha kutafuna.

"Alikwambia tangu wiki ya kwanza?"

"Ndiyo, mzee."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia atajifunza."

"Na wewe umejifunza?" Akanyoosha mkono. "Filimbi hiyo. Lete."

Nikaivua nikampa. Yule wa Kahendero akasema, "Karibu chini huku, bwana mkubwa, kuna mizigo mingi," na watu wakacheka, ila mmoja wa Waluo akanisogezea nafasi kwenye benchi. Nyapara mkuu akaagiza aliyevunjika mguu aitwe atakapoweza kutembea. Hasara ya kasha, alisema, itaandikwa kwa jina lake yeye mwenyewe kwa wakubwa, kwa kuwa ndiye aliyeweka mtoto wa shule kwenye filimbi.

Yule wa Butembo alirudi akichechemea kidogo, ngata imekunjwa kwapani. Siku hiyo nyapara mkuu alisimamisha kazi kabla haijaanza, akatukusanya sote. Sijawahi kuona baraza kama lile. Swali lilikuwa: tuite nini tunapotaka mtu aache? Mmoja akasema "basi." Watu wa Kongo wakasema kwao basi wanaisema hata wakianza kazi, basi twende. Mwingine akasema "acha."

"Acha?" mtu wa kamba akaruka. "Ukiniambia acha, mimi naacha kamba! Mnataka kumaliza na mguu wa pili?"

"Simama?"

"Tumesimama tayari. Nani anabeba amekaa?"

Yule wa Kahendero akashauri tupige mluzi kama kiboko. Hakuna aliyejua mluzi wa kiboko, akatuonyesha, ikawa kicheko kingine. Mwishowe yule wa Butembo akasema, "Shika. Kwetu shika ni shika. Kwenu?"

Kwetu pia shika ni shika. Kwa Waluo, kwa watu wa Toro, kwa kila mtu pale, ukiambiwa shika unakaza mkono. Na mkono ukikazwa, kamba haiendi, kabari haitoki. Ikawa "shika" kwa kusimamisha na "toa" kwa kuondoa. "Tosha" ikapigwa marufuku ndani ya ghala. Atakayeitamka atanunulia genge mahindi ya kuchoma. Nilikuwa wa kwanza kununua, siku hiyohiyo, nilipoulizwa kama nimepata sukari nikajibu kwamba imetosha. Genge liliamua kwamba hata hiyo inahesabika.

Kisha tukalishusha kasha jingine. Nyapara mkuu aliita, yule wa Butembo kwenye kabari, mimi kwenye kamba, viganja vyangu laini vikiungua. Shika. Toa. Shika. Lilifika chini kama mtu anayeketi.

Beji akapewa yule wa Butembo, mwisho wa mwezi uliofuata.

Mke wake alikuja na lori la kahawa, amekaa juu ya magunia na watoto, sufuria mbili, godoro la majani, kinu kilekile, na sanamu ya Bikira Maria iliyofungwa kwenye kanga. Genge zima lilikwenda landhi kupokea mizigo, hata nyapara mkuu, akisema amekuja kukagua tu. Kila mtu alibeba kitu. Tukafika kwenye chumba. Mumewe akampa ufunguo.

Alifungua. Akaingia na watoto, akatazama kuta, akatazama dirisha dogo. Kisha akageuka, akatuangalia sisi wote tuliosimama nje na vyombo vyake vichwani, akaufunga mlango.

Tukasikia komeo likiingia. Tukangoja. Komeo likatoka, mlango ukafunguka, akatutazama tena kana kwamba anahakikisha kwamba bado tuko upande wa nje, akaufunga tena. Nilikuwa na kinu begani. Nilikisikia kikizidi kuwa kizito, na sikutamani kukiweka chini. Alifanya hivyo mara ya tatu. Watoto ndani walikuwa wanacheka kwa sauti ya juu. Mumewe alikuwa amesimama mbele yangu, na nikiwa nyuma ya shingo yake nene niliona mkono wake ukifanya ishara ya msalaba, bila mzigo wowote wa kuinua.

"Wasingya," akatuambia alipofungua mara ya mwisho, asante ya nyumbani kwetu na kwao. "Sasa muingie."

Sikurudishiwa filimbi, na sikuiomba. Nilibeba magunia miaka kadhaa, na mwili wangu ukawa mwili wa kazi.

Katika miaka ya sabini mizigo ilipungua. Treni zikaanza kuchelewa, kisha kukosekana, na reli iliyokuwa ya nchi tatu ikagawanywa kila nchi na yake. Mgodi nao ukaanza kufifia. Tulikaa chini ya paa la ghala tukinywa chai bila sukari na kuulizana kazi iko wapi, na nyapara mkuu alikuwa amekwisha kwenda kwao Toro na jino lake. Yule wa Butembo hakukaa kuuliza. Alikumbuka aliloambiwa, kwamba usipende ghala. Mizigo ilikuwa imepanda malori, na malori yalikuwa yanakwenda mpakani: kahawa, chumvi, samaki wakavu, vitenge vya upande wa pili. Akarudisha beji, akahamia Bwera, akaanzisha genge lake la wapakiaji. Wa huku na wa kule walimwelewa, na hata wanajeshi wa kizuizi cha barabarani, waliopenda kuamrisha watu washushe lori zima kwa ajili ya kuangalia gunia moja, walimwita mzee.

Mimi niling'ang'ania Kasese mpaka hapakuwa na kitu cha kung'ang'ania. Hilo pia ni kosa langu, miaka niliyoipoteza nikilinda ghala tupu kwa sababu niliona haya kuomba kazi kwa mtu niliyemvunja mguu. Siku nilipoamua, nilifunga kisanduku changu, nikapanda lori. Niliposhuka karibu na mpaka nilisikia kabla sijaona. Vijana nisiowajua walikuwa wanashusha pipa la mafuta kwa mbao, na mmoja aliita, "Shika!" Wote wakakaza. "Toa!" Kisha kijana mmoja, mgeni labda, akateleza ulimi akasema lile neno jingine, na wenzake wakapiga yowe, "Mahindi! Mahindi!"

Alikuwa amesimama kati yao, filimbi shingoni, nywele zimeanza kuwa nyeupe. Alinitazama, akatazama kisanduku.

"Umechelewa, shefu," akasema. "Kesho saa kumi na mbili. Uko na ngata?"

"Sina."

"Utapewa yangu ya zamani."

Nyumbani kwake, nyumba ya udongo aliyoijenga mwenyewe, mke wake alitoka mlangoni. Alikuwa amenenepa kidogo. Aliwaita watoto wake, sasa vijana wakubwa kuliko mimi kwa kimo, akawaelekeza kwenye kisanduku changu.

"Mutoshe mizigo ya baba yenu mudogo, muiweke chumba ya nyuma." Kisha akanigeukia, akiwa na uso uleule wa siku ya sahani. "Umesikia, shemeji? Nimesema batoshe. Usiogope, banakupokea."

Chumba cha nyuma kilikuwa kidogo, kina kitanda cha kamba na mlango wa mbao. Aliniachia ufunguo juu ya kitanda, akatoka, akarudi akachungulia.

"Ile komeo inakwama," akasema. "Usukume na bega. Bega sasa uko nayo."